Deki gani ya kuchukua Darajani, na ipi ya kuiacha pale pale mezani

Mwaka juzi nilinunua deki ya mtumba Darajani, soko la mjini Unguja, kwa shilingi elfu arubaini na tano. Nyeusi, nzito, ina plagi ya pini tatu ya Kiingereza, na kwa mbele pameandikwa HD, yaani picha kali. Nikamuuliza muuzaji, "Ami, hii nzima?" Akanambia, "Itie moto mwenyewe uone." Nikaitia moto, taa ikawaka, DVD ikazunguka, picha ikatoka safi. Nikalipa. Nyumbani nikaitia sahani ya Blu-ray, ile yenye picha kali kuliko DVD, aliyoniletea shemeji yangu kutoka Uingereza. Deki ikawaza, ikawaza, ikaitema. Ndipo nilipovaa miwani nikasoma herufi zote: HD DVD, aina nyingine kabisa isiyopatana na Blu-ray.

Tangu siku hiyo kila anayetaka deki kwetu hupitia kwangu kwanza. Haya ndiyo ninayowaambia, kuanzia ile ninayoipenda hadi ile iliyonitia hasara.

Lakini mwanzo fungua kabati lako utazame sahani ulizonazo. Nyumba nyingi za kwetu hazina filamu za dukani. Zina DVD za harusi alizochoma mpiga picha, za maulidi, za taarab, na VCD za Kihindi zinazokuja mbili mbili kwa sababu moja haimalizi filamu. Harusi ya dada yako huipati kwenye intaneti. Deki isiyosoma hizo, hata ikiwa ya dhahabu, si yako. Basi toka na sahani tatu mkobani: moja ya harusi, moja VCD, moja Blu-ray ukiwa nayo. Muuzaji akinuna, mwache anune.

1. Deki ya Blu-ray ya kawaida, mtumba wa Uingereza au Dubai

Hii ndiyo chaguo langu. Blu-ray inabeba GB 25 kwa tabaka moja na 50 kwa mawili, wakati DVD inaishia 4.7 na 8.5. Siri iko kwenye mwanga. DVD husomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650, Blu-ray kwa leza ya buluu-zambarau ya nanomita 405. Mwanga mwembamba husoma mistari iliyobanana zaidi, kwa hiyo sahani ya ukubwa ule ule inabeba mengi. Na deki hizi husoma DVD pia. VCD ndiyo ya kujaribu pale pale, maana nyingine zinaikubali na nyingine hazitaki hata kuiona.

Mtumba wa Uingereza na Dubai nausifu kwa sababu mbili. Umeme wao unakaribiana na wetu wa volti 230, na kwa Blu-ray sote tumo ukanda B; dunia imegawanywa kanda, na deki ya ukanda mmoja huweza kuikataa sahani ya ukanda mwingine. Za Japani, ambazo nazo zimejaa, ni habari nyingine. Igeuze deki usome kibandiko cha nyuma. Kikisema 100V peke yake, ukiichomeka ukutani utanusa moshi kabla ya kuona picha. Utaambiwa ununue transfoma. Sawa, lakini Japani iko ukanda A, na sahani ya shemeji wa Uingereza itakataliwa hata umeme ukiwa sawa. India iko C. Kufuli la ukanda la DVD mafundi wengi hulifungua kwa namba za rimoti, ila la Blu-ray ni gumu zaidi, usilipie ahadi ya "nitakufungulia kesho".

Ya mwisho: uliza kama inaweza kusasishwa kwa flashi au intaneti. Funguo za siri za Blu-ray hubadilishwa kila muda, na deki iliyoachwa nyuma inaweza kugoma kwa filamu mpya ingawa haina ugonjwa wowote.

2. Deki mpya ya DVD yenye tundu la flashi

Kama kabati lako ni harusi na VCD tupu, ruka namba moja uje hapa, hutajuta. Ni rahisi, husoma karibu kila takataka, na ikifa unanunua nyingine. Ila usidanganywe na maandishi ya "1080p", yaani picha ya mistari 1080, kwenye boksi lake. DVD ya kwetu ina mistari 576 tu, na deki inaivuta ijaze televisheni kubwa. Ni kama kuliongeza maji tui: sufuria linajaa, nazi ni ile ile moja.

3. PlayStation

Hii ni mashine ya gemu ya Sony. PS3, toleo lake la tatu, ilitoka Novemba 2006 ikiwa na Blu-ray ndani, na mtoto atakushukuru. Lakini ile nene ya mwanzo inakula umeme kuliko deki yoyote. Tukuza, umeme wa kulipia kabla, utauona unavyokimbia. PS4 inacheza Blu-ray na DVD lakini CD ya muziki haisomi kabisa, jambo linalowashangaza wengi baada ya kulipa. Lenzi za mashine zilizochezewa gemu miaka kumi nazo zimechoka.

4. Deki ya 4K

Hii ni Blu-ray ya picha kali zaidi. Nzuri mno, ghali mno. Sahani zake zilianza kuuzwa 2016, zinafika GB 100, na za 4K zenyewe hazina kufuli la ukanda. Bila televisheni ya 4K na sahani za kutia humo, umenunua farasi wa kufungia uani.

5. HD DVD

Hapa pana kisa. Mwaka 2006 Toshiba walitoa HD DVD, Sony na wenzao wakatoa Blu-ray, na kila mtu akaambiwa chake ndicho cha kesho. Zote mbili zilitumia leza ile ile ya buluu. HD DVD ilibeba GB 15 kwa tabaka, lakini sifa yake ilikuwa urahisi: data yake imefichwa milimita 0.6 ndani, sawasawa na DVD, kwa hiyo viwanda vya DVD vingeitengeneza bila kubadilisha mengi. Blu-ray iliweka data milimita 0.1 tu kutoka juu, ikabidi wavumbue ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo. Wala haikuwa na kufuli la ukanda, HD DVD. Kwa sisi wa kununua mitumba ya dunia nzima, ingetufaa sana ile.

Bei nayo iliporomoka. Novemba 2007 deki ya HD DVD iliuzwa Marekani chini ya dola 100. Haikusaidia, maana vita havikuwa vya leza, vilikuwa vya filamu. Katika kampuni za filamu, Disney na Fox walikuwa na Blu-ray, Universal na Paramount na HD DVD, Warner wakila huku na huku. Tarehe 4 Januari 2008 Warner wakatangaza kuhamia Blu-ray peke yake. Wiki sita na ushei baadaye, tarehe 19 Februari, Toshiba wakasalimu amri. Waliokwisha nunua wakabaki na maboksi, na maboksi yakapanda kontena.

Kwa hiyo ukiona HD, endelea kusoma mpaka mwisho wa neno. HDMI ni tundu la waya. HD peke yake ni tambo la muuzaji. HD DVD maana yake Blu-ray haiingii, leo wala kesho. Ziko chache za LG na Samsung za 2007 zinazosoma zote mbili; ukiikuta nzima, nipigie simu.

Popote utakaponunua, isikilize kabla ya kuitazama. Lenzi mbovu hupiga tik-tik-tik sahani ikitafutwa. Mulika tundu la sahani kwa tochi ya simu: hewa ya bahari huacha kutu kwenye skrubu, na skrubu zenye kutu kwa nje ni dalili ya ndani.

Deki yangu? Muuzaji alikataa kuirudisha, nikaipeleka Wete, Pemba, kwa mama. Inasoma DVD ya harusi ya dada ya 2005 bila kukwama pahala, hata pale wapambe wanapoingia, ambapo deki mbili za kabla yake zilikuwa zikiganda. Mama anasema nimemchagulia vizuri.