Karatasi ya Arches kwenye jua la Kigoma: uzoefu wangu

Kama unachora mji kwa rangi za maji, na unataka mchoro huru usiohesabu matofali, anza kuweka hela kwenye karatasi. Rangi hata za wanafunzi zinatosha. Nasema hivyo baada ya kuitumia karatasi ya Arches ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa kuparuza kiasi, hapa Kigoma kiangazi chote.

Inatengenezwa Ufaransa kwa pamba tupu na kutiwa jelatini (gundi itokanayo na wanyama), kwa hiyo hainywi maji kwa pupa. Kwetu hilo ni jambo kubwa mno. Jua likishapanda, karatasi za bei nafuu za massa ya miti hukauka brashi ikiwa bado mkononi, na kila mpako unaacha ukingo mkali. Hii inabaki mbichi hadi rangi ipate kutembea.

Napenda kuchora Barabara ya Lumumba inavyoteremka kuelekea stesheni ya reli na ziwa. Nalowanisha anga na maji kwa brashi pana, nadondosha bluu ya ultramarini, halafu nagusa kijivu chepesi upande wa milima ya Kongo. Kiangazi ukungu wa moshi huififisha ile milima, hivyo ukingo laini ndivyo ilivyo kweli. Kabla hapajakauka natia hudhurungi ya mabati yenye kutu. Ikikutana na ile bluu huzaa kivuli cha kijivu chenye chembechembe, kizuri kuliko chochote ninachokoroga kwenye sahani. Natamani kila mchoraji wa mkoa huu akione! Watu na bodaboda ni madoa tu, mwishoni. Kuta zilizopigwa na jua sizigusi kabisa. Weupe wa karatasi unatosha.

Ukisugua ukingo kwa brashi yenye unyevu ili uulainishe, uso hauchubuki. Ila ibandike kwenye ubao kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote nne, maana maji mengi huikunja.

Bei ni ya kufikiria. Mimi nachukua shiti kubwa la sentimita 56 kwa 76, nalikata vipande vinane, na upande wa nyuma nao unachoreka vizuri. Ukiagiza kutoka Dar, sisitiza ifungwe katikati ya maboksi bapa. Duka moja liliwahi kunitumia ikiwa imekunjwa kwenye bahasha, na pale kwenye kunjo rangi ilizama ikaacha mstari mweusi katikati ya anga.