Makaburi ya Waafrika, New York: kumbukumbu ya serikali iliyodaiwa mpaka ikatolewa

Mgeni anayetaka kuona jinsi serikali ya Marekani inavyoienzi historia ya Wamarekani Weusi kwa kawaida huelekezwa Washington, kwenye jumba kubwa la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo mmoja wa wasanifu wake, David Adjaye, alizaliwa Dar es Salaam. Jumba hilo lina wapiga debe wa kutosha. Mahali ninapopahakiki hapa ni padogo zaidi, hapana kiingilio, na wapita njia wengi wa Manhattan hupapita bila kugeuza shingo: ni Makaburi ya Waafrika, kumbukumbu ya kitaifa iliyoko mtaa wa Duane, jirani na Broadway, hatua chache kutoka ofisi ya meya wa New York. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kuanzia, kwa kuwa serikali haikujichagulia cha kukumbuka. Ilikikuta ardhini, ikajaribu kukipita, ikazuiwa.

Mwaka 1697 Kanisa la Trinity lilipiga marufuku Waafrika kuzikwa katika uwanja wake, na kwa takriban karne nzima iliyofuata watumwa, pamoja na watu weusi walio huru, walizika wafu wao nje ya mpaka wa mji. Hadi eneo lilipofungwa mwaka 1794, inakadiriwa kwamba watu wapatao 15,000 walikuwa wamezikwa katika ekari 6 na zaidi. Mji ulipopanuka bonde lenye makaburi hayo likafukiwa kwa kifusi, viwanja vikauzwa, majengo yakapanda juu yake, na makaburi yakabaki kwenye ramani za zamani tu. Mwaka 1991, idara ya serikali kuu inayosimamia majengo ya umma ilipokuwa ikiandaa kiwanja cha jengo la ofisi la ghorofa 34, mifupa ikaonekana. Kazi haikusimama, na makaburi kadhaa yaliharibiwa. Ilibidi watu weusi wa New York wakeshe pale kwa sala na maandamano, na viongozi kama Meya David Dinkins na mbunge Gus Savage walivalie njuga suala hilo, ndipo uchimbaji ukasitishwa mwaka 1992 na sehemu ya jengo ikaondolewa kwenye mchoro. Mabaki ya watu 419 yalichunguzwa katika Chuo Kikuu cha Howard chini ya Michael Blakey, yakazikwa upya Oktoba 2003. Rais George W. Bush alipatangaza mahali hapo kuwa kumbukumbu ya kitaifa mwaka 2006. Mnara ukazinduliwa mwaka 2007 na kituo cha wageni kikafunguliwa mwaka 2010.

Kituo hicho kimo ndani ya jengo lile lile lililozua mgogoro, na kwa kuwa bado ni ofisi za serikali, mgeni hupekuliwa mlangoni kama anayepanda ndege. Avumilie, kwa sababu cha ndani kinastahili. Katikati ya ukumbi zimewekwa sanamu za waombolezaji wa kimo cha kawaida, wamekusanyika kwenye majeneza mawili, moja la mtu mzima na moja la mtoto. Sanamu za namna hii mara nyingi hufanana na za dirisha la duka la nguo, lakini hizi zimetengenezwa kwa staha, na maelezo yanayoandamana nazo yana uzito wa kutosha kuzibeba. Baada ya uasi wa watumwa wa New York mwaka 1712, wenye mji waliogopa kwamba mazishi yangegeuka vikao vya kupanga uasi mwingine. Kwa hiyo mwaka 1722 Waafrika wakakatazwa kuzika usiku, na mwaka 1731 wakakatazwa kukusanyika zaidi ya watu 12 mazikoni. Kwa sisi tuliozoea msiba kujaza mtaa mzima, na asiyeonekana kwenye maziko kuulizwa alikuwa wapi, sheria hiyo haihitaji ufafanuzi.

Sehemu iliyonishika zaidi ni ile inayowaeleza wafu mmoja mmoja, kwa kadiri mifupa ilivyoweza kusema. Yuko mwanamke aliyezikwa na utunda kiunoni, zaidi ya shanga 100 pamoja na simbi, na meno yake yamechongwa kwa mtindo unaoonyesha kwamba huenda alizaliwa Afrika. Yuko mwingine aliyekutwa na risasi ya gobori kwenye mbavu, na mwingine aliyelazwa na kichanga mkononi. Karibu nusu ya wote 419 ni watoto, na mifupa ya watu wazima ina alama za misuli iliyochanika kwa kubeba mizigo. Vitu vinavyoonyeshwa ni nakala, kwa sababu vile vya asili vilirudishwa ardhini pamoja na wenyewe. Yupo atakayeona hiyo ni hasara. Mimi naona ni uamuzi wa heshima kuliko wote uliofanywa katika mradi huu, na sijui ni makumbusho mangapi makubwa yangekubali kuachia mali ya aina hiyo. Jambo jingine la kusifu ni kwamba maonyesho hayaufichi ubishi wa mwaka 1991 na 1992: serikali inasimuliwa ndani ya jengo lake yenyewe kama mtu aliyelazimishwa.

Kwenye mnara wa nje ndiko ninakopunguza alama. Msanifu wake, Rodney Leon, amejenga chumba kirefu cha granaiti kinachofanana na tumbo la meli, chenye njia aliyoiita Mlango wa Kurejea, na kinachoshuka hadi uwanja wa duara ulio chini ya usawa wa barabara. Mteremko huo umebuniwa vizuri. Tatizo ni wingi wa alama: ukutani zimerundikwa ishara za dini na makabila mbalimbali ya Afrika na Karibi, kiasi kwamba macho hayapati pa kutua. Iliyo kubwa kuliko zote ni sankofa, alama ya Waakan wa Afrika Magharibi yenye maana ya kurudi kuchukua ya kale, iliyotokana na mchoro wa moyo uliopigiliwa kwa misumari kwenye kifuniko cha jeneza moja. Wapo wanahistoria wanaopinga dai kwamba mchoro ule ni sankofa, lakini jiwe halina shaka lolote. Ramani ya sakafuni nayo imeiweka Afrika Magharibi katikati ya dunia, jambo ambalo kwa idadi ni haki, ila katika miaka ya 1690 wafanyabiashara wa New York, Frederick Philipse akiwa mmojawao, waliwaleta watumwa kutoka Madagaska pia, na msomaji wa upande wetu wa Bahari ya Hindi atawatafuta watu hao bila mafanikio. Vilima 7 vya nyasi walikozikwa upya wale 419 vinasema zaidi kuliko kuta zote, navyo havina nakshi yoyote.

Kwa mpango wa ziara, ningeshauri kuanza na kituo cha ndani, kwa sababu anayeanzia nje huona mawe tu. Saa moja na nusu inatosha. Walinzi wa Idara ya Hifadhi za Taifa waulizwe maswali bila haya, hasa kuhusu mipaka ya makaburi yote, maana sehemu iliyozungushiwa ukuta ni kipande kidogo na makaburi mengi bado yamo chini ya barabara na ofisi za jirani. Aliyekwisha kuonyeshwa mipaka hiyo kwenye ramani atembee hadi Foley Square, ambako sanamu ya granaiti nyeusi ya Lorenzo Pace, iliyosimamishwa mwaka 2000, inawakumbuka watu hao hao. Anayekuja na watoto wadogo azingatie kwamba ndani mna picha za mifupa, na afike mapema, kwa kuwa kituo hufungwa alasiri na si kila siku kiko wazi.