Duka la miwani lililokataa kuniuzia miwani (Kisumu mjini, nyota 4)

Mimi huendesha tuktuk, Kondele hadi mjini. Mwaka jana nikaanza kugonga vitu vya pembeni, leo kioo cha gari ya mtu, kesho mama na beseni yake ya omena pale Kibuye, na naapa sikuwa nimemwona. Stejini wakasema ni chang'aa. Kichwa nacho kinauma, nikatibiwa malaria mara mbili, taifodi mara moja, halafu nikauziwa miwani na watu wawili tofauti, siwataji.

Hawa wa tatu wako orofa ya kwanza, ngazi haina taa. Dada wa pale akanisomesha herufi za ukutani, nikasoma zote mpaka zile ndogo za chini kabisa, nikajua basi ni miwani ingine hiyo. Wapi. Akaketi mbele yangu, akaniambia nimwangalie pua tu, akaanza kuchezesha vidole huko kando. Vikaja, vikaja, mpaka karibu viguse masikio yake ndio nikaviona. Akanyamaza. Akaniweka kwa ile mashini kama sufuria imelazwa, unakazia macho katikati na kila ukiona taa ndogo ikimweka unabonyeza. Karatasi ikatoka jicho la kushoto nyeusi upande wa kushoto, la kulia nyeusi upande wa kulia. "Kaka, shida haiko kwa macho, sikuuzii kitu." Akaniandikia barua ya hospitali.

MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, ikaonyesha uvimbe kwa pituitari, katezi ka saizi ya njegere chini ya ubongo, nyuma ya pua, na juu yake tu ndipo mishipa ya macho hupishana, kwa hivyo ukifinywa pale unapoteza pembeni na katikati panabaki sawa. Damu ikaonyesha prolaktini imepanda vibaya, ile homoni ya maziwa ya mama anayenyonyesha, na mimi mzee mzima na ndevu zangu! Daktari akauliza mambo ya chumbani, nikatazama sakafu, maana ni kama mwaka nilikuwa namwambia mama watoto ni uchovu. Akasema wanawake hushtuka mapema juu hedhi hukatika, sisi hunyamaza tu uvimbe ukikua. Si kansa, nameza kabagolini, dawa ya kushusha hiyo prolaktini, mara mbili kwa wiki, kisu hakijanigusa.

Nyota moja nimewakata juu ya hiyo ngazi, imagine mtu haoni pembeni anapandishwa gizani. Na usiende saa ya lanchi, foleni hufika mpaka chini.