Kidau changu kilivishwa koti la mvua, Nungwi wakakivua

Kidau chenyewe kina futi 16, aliniachia ami yangu, Mungu amrehemu. Kilikaa juu ya magogo chini ya mkungu kaskazi mbili na kusi mbili, yaani kama miaka miwili, mbao zikakauka hadi ukiingia ndani unauona mchanga kwenye nyufa. Nami sikuwa na haraka ya kujua vyombo vinatengenezwaje. Nilitaka tu kiende baharini.

Ndiyo maana nilinasa kwenye karakana moja ya mjini, jina silitaji. Wakaniambia kalafati, yaani kuziba mishono ya mbao kwa pamba, ni mambo ya kizamani, wao watakifunika chote kwa faiba (nyuzi za kioo na gundi) na hakitavuja tena. Nikatoa shilingi 1,400,000. Kikatoka kinameta kama sahani mpya. Miezi minane baadaye kikaanza kunuka. Ukigonga ubavuni unasikia utupu, na karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, faiba imetuna kama lengelenge. Mbao hutanuka na kusinyaa, faiba haitikisiki, basi lazima viachane. Na maji ya mvua na ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, yakipenya kutoka ndani hayana pa kutokea. Yanakaa humo humo yakiozesha.

Nikakipakia kwenye lori mpaka Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako vyombo vinaundwa pwani, juu ya mchanga, bila mchoro wa karatasi. Fundi niliyeelekezwa ni mzee. Nilipomwamkia shikamoo babu, aliitikia marahaba huku macho yako kwenye kidau. Akakigonga kwa mpini wa tezo mara tatu nne.

"Mjukuu wangu, umekivisha koti la mvua, na ndani kinatoka jasho."

Kuibandua ile faiba peke yake kulichukua siku nne. Chini yake mbao tatu za kando ya mkuku zilikuwa laini kama boflo lililotoswa kwenye chai. Mataruma mawili, zile mbavu za chombo, yamekwisha. Mkuku ulikuwa mzima, na babu alisema ungekuwa umeoza angenishauri nikapikie pilau.

Mbao mpya tulitia za mvule, na hapo ndipo pesa nyingi zilipokwenda. Mataruma alichonga kwa matawi ya mtondoo yaliyojipinda yenyewe. Nilimuuliza kwa nini asipasue ubao mnene akaukata kwa umbo la tao, akanionyesha kwa kidole: nyuzi za mti zinafuata pindo, kwa hiyo taruma halikatiki hapo chombo kinapobamizwa. Kila msumari ulitobolewa njia kwanza kwa kekee ili ubao usipasuke, ukazungushiwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa, halafu ncha ikakunjwa kwa ndani.

Kalafati ndiyo iliyonifanya niandike haya. Pamba inasokotwa kwa kiganja, inachovywa mafuta ya nazi, inapigwa ndani ya mshono kwa patasi butu na nyundo. Mimi nilidhani kadiri unavyoshindilia ndivyo bora. Nikajaribu mshono mmoja, babu akauchomoa wote. Kisa, mbao zikishiba maji zinavimba. Ukiwa umejaza pamba kupita kiasi, zinasukumana na kung'oa misumari. Yeye anasikiliza sauti ya nyundo, ikibadilika anaacha. Baada ya hapo chini kote pakapakwa deheni, yaani shahamu (mafuta ya mnyama) iliyochanganywa na chokaa, kwa mkono mtupu. Harufu yake sitakuficha, nguo nilizovaa siku ile nilizitupa.

Tulikishusha wakati wa bamvua, maji makuu ya bahari. Kikavuja! Nilifua maji kwa ndoo huku nikihesabu pesa zangu kichwani, na babu amekaa kivulini anakunywa kahawa. Aliniambia nikifunge nanga nikalale. Siku ya pili maji yalinifika vifundoni tu, ya tatu nilifua makopo mawili. Sasa asubuhi nakuta unyevu, basi.

Gharama: fundi 35,000 kwa siku na msaidizi wake 20,000, siku 18 za kazi. Pamoja na mbao, misumari, pamba na lori ilikaribia 2,200,000. Tanga nililitengenezea upya kwingine, foromali (mti unaobeba tanga) na mlingoti ni vile vile vya ami.

Malalamiko ninayo. Niliahidiwa wiki tatu, zikawa tano, kwa sababu akitokea mtu mwenye chombo cha uvuvi kinachomdai riziki ya siku, changu kinasukumwa pembeni. Hakuna karatasi ya makadirio, na bei ya mbao ilipanda katikati ya kazi. Watalii nao wanasimama kupiga picha hadi msaidizi anaacha randa atabasamu. Ukienda, ulipe kwa siku na uwepo mwenyewe. Mbao nunua pamoja na fundi, usimtume mtu.

Kwa mwenye chombo cha mbao kilichokauka: usikubali faiba juu ya mbao kuukuu, hata ukionyeshwa picha nzuri namna gani. Ila ukiwa hutaki kazi ya kukitunza, nunua cha faiba tangu mwanzo, kwa sababu hiki cha mbao kila baada ya miezi michache lazima kipandishwe pwani, kichomwe chini kwa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha kipakwe deheni upya. Changu zamu yake ni bamvua ijayo. Makuti nimeshakusanya, shahamu bado natafuta.