Haidropleni ya rimoti: umbo zuri, betri isiyosogea

Karibuni tena, watazamaji wangu. Niko ufukweni Shangani, hapa Mtwara, nikiwa na haidropleni ya mbio ya rimoti, yaani boti ndogo inayoteleza juu ya maji. Mota na rimoti mnazijua, kwa hiyo tuligeuze tumbo juu.

Sponsoni hizi mbili za mbele, yaani sehemu za tumbo zilizochomoza kando, zinafanana na ndubi za ngalawa, lakini kazi yake ni nyingine: boti ikishika kasi, hugusa maji kwa ncha za nyuma za sponsoni na kwa rafadha tu, na sehemu kubwa ya tumbo hubaki hewani. Tazameni ninavyopitisha ukucha kwenye ukingo huu. Umekatwa kwa pembe kali ili maji yaachane nao mara moja, yasiung'ang'anie na kuivuta boti. Hapo fundi amefanya kazi.

Kinachoniudhi kinaanzia kwenye mfereji ulio katikati. Hewa inayobanwa humo huinua upande wa omo na kupunguza msuguano wa maji, lakini kasi ikiongezeka maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne. Upande wa omo ukizidi kuinuka, upepo huibeba boti na kuipindua kinyumenyume, kama ilivyopinduka boti ya kasi Bluebird K7 na kumuua dereva wake, Donald Campbell, katika ziwa la Coniston, Uingereza, tarehe 4 Januari 1967. Sasa naielekeza kusini, ikabiliane na kusi. Inacheza, inacheza... imepaa!

Dawa yake ni kusogeza betri mbele kidogo, ila mtengenezaji, nisiyemtaja, ameizungushia ukuta wa plastiki. Kwa bei hii! Nimegandisha chubwi la mshipi kule omo, na sasa, mnaona, imetulia. Hata hivyo, sponsoni zinakandamiza maji zaidi na kasi imepungua. Pezi nalo, kibao cha kuishikilia boti kwenye kona, liko kulia, kwa ajili ya mbio za kufuata mwelekeo wa saa, kwa hiyo msiikatishe kona kali ya kushoto.

Boti za tumbo la V hustahimili mawimbi vizuri zaidi na bei yake ni nafuu, nami nitaileta moja katika video ijayo, pamoja na maikrofoni yenye kinga ya upepo mliyoidai. Kwa maji tulivu ya asubuhi kule Mikindani, bado ningeichagua hii, mradi niukate ule ukuta wa plastiki kwanza.