Vifaa vya Kuandikia Riwaya: Kipi Kinunuliwe Kwanza na Kipi Kisubiri

Riwaya nyingi huwa na maneno kati ya 60,000 na 100,000, na mwandishi huweza kukaa na muswada wake mwaka mzima au zaidi kabla ya kuuona unafaa kusomwa na mtu mwingine. Kwa sababu hiyo, kifaa cha kuandikia riwaya hakiwezi kupimwa kwa vigezo vinavyotosha kupimia kifaa cha kuandikia barua au ripoti. Katika mwongozo huu nimetumia vigezo viwili. Cha kwanza ni wepesi wa kuhamisha tukio zima kutoka sura ya tatu hadi sura ya kumi na moja, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayomchosha mwandishi wa riwaya kuliko kazi nyingine yoyote ya mikono. Cha pili ni umiliki: siku mtengenezaji wa programu atakapofunga shughuli zake au kupandisha ada, je, muswada utabaki mikononi mwa mwandishi ukiwa unasomeka? Mandhari ya skrini, mapambo na ahadi za matangazo nimeziweka kando.

Kigezo hicho cha pili hakitokani na hofu tupu. NaNoWriMo, changamoto ya uandishi iliyoanza mwaka 1999 na kujulikana kwa kuwahimiza watu waandike maneno 50,000 katika mwezi wa Novemba kupitia tovuti yake, ilidumu kwa zaidi ya miaka 20 ikiwa kimbilio la waandishi wapya, lakini mwaka 2025 ilitangaza kufungwa, na waliozoea kuhesabia maneno yao humo ilibidi watafute pengine. Huduma yoyote ya mtandaoni inaweza kufikia mwisho huo huo.

Nafasi ya kwanza: Scrivener

Kwa mtu anayeandikia kompyuta, programu ya Scrivener ndiyo ninayoiweka mbele. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2007 kwa ajili ya Mac, ikitengenezwa na kampuni ya Literature & Latte, na baadaye ikapata toleo la Windows na la iPhone na iPad. Nguvu yake imo katika jinsi inavyoutazama muswada: badala ya faili moja ndefu, kila tukio ni waraka mdogo unaojitegemea, na nyaraka hizo hupangwa katika orodha iliyo upande wa kushoto wa skrini. Ukitaka tukio la mazishi lije kabla ya tukio la harusi, unaliburuta tu, na riwaya yote inajipanga upya. Kila tukio lina kadi yake ya muhtasari, na kadi hizo zaweza kutandazwa kama kwenye ubao ili mwandishi aone msuko mzima kwa mtazamo mmoja. Kabla ya kuhariri tukio unaweza pia kuchukua nakala ya lilivyo wakati huo, ili ukiharibu urudi ulikotoka. Uwezo huu huwapa watu ujasiri wa kukata aya ambazo vinginevyo wangezikumbatia kwa woga.

Katika umiliki nako haina aibu. Mradi wa Scrivener kwa hakika ni folda yenye faili nyingi za RTF ndani yake, na faili hizo husomeka kwa karibu programu yoyote ya kuandikia, kwa hiyo hata kampuni ikitoweka, maneno yako hayatoweki nayo. Leseni hulipiwa mara moja, si kila mwezi, ingawa ya Mac, ya Windows na ya iPhone na iPad huuzwa kila moja peke yake. Muda wa majaribio ni siku 30, na zinazohesabiwa ni siku ulizoifungua programu tu. Anayeandika mara mbili kwa wiki anaweza kuijaribu kwa zaidi ya miezi mitatu kabla ya kulipa. Sioni sababu ya mtu kuinunua kabla ya kuumaliza muda huo.

Kasoro zake zijulikane mapema. Haina toleo la Android. Sehemu yake ya kuukusanya muswada na kuutoa kama faili moja ya Word, PDF au EPUB (faili ya kitabu pepe) ina mipangilio mingi inayomkanganya mgeni, na ni vyema kuijaribu kwa sura moja mapema kuliko kukutana nayo usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi. Tena, kwa kuwa mradi ni folda ya faili nyingi, ukiufungua katika vifaa viwili kwa wakati mmoja kupitia hifadhi ya wingu, faili zaweza kugongana na kazi ikavurugika. Funga kwenye kifaa kimoja, subiri faili zimalize kupakiwa, ndipo ufungue kwenye kingine.

Nafasi ya pili: LibreOffice Writer, au Word kama tayari unayo

Asiyetaka kutoa pesa yoyote aanze na LibreOffice Writer. Ni programu huria isiyolipiwa, inafanya kazi katika Windows, Mac na Linux, na mfumo wake wa faili wa ODF ni kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2006. Watu wengi huitumia kama taipureta, wakibadilisha ukubwa wa herufi kwa mkono kila wanapoanzisha sura, kisha hulalamika kwamba faili ndefu haitawaliki. Dawa ni kutumia mitindo ya vichwa vya habari: ukiipa kila sura mtindo wa kichwa cha ngazi ya kwanza na kila tukio mtindo wa ngazi ya pili, dirisha la urambazaji litakuonyesha muundo wote wa riwaya, na kutoka hapo utaweza kusogeza sura nzima juu au chini. Ni nusu ya yale ambayo Scrivener hutoa, na ni bure. Kwa wanaoandika Kiswahili kuna faida ya ziada, kwani LibreOffice ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, ingawa isitarajiwe kutambua kila kitenzi kilichonyambuliwa. Mstari mwekundu chini ya neno usichukuliwe kuwa hukumu.

Word hufanya hayo yote vilevile, na ina sifa moja ambayo hakuna mwandishi awezaye kuikwepa hadi mwisho: wahariri na wachapishaji wengi hupokea faili za DOCX, yaani faili za Word, na kurudisha masahihisho yao humo humo, yakiwa yamewekewa alama ili mwandishi akubali au akatae kila badiliko. Hata hivyo, hiyo ni haja ya mwisho wa safari. Kama tayari unayo kwa ajili ya kazi nyingine, itumie. Kuilipia ada ya kila mwaka kwa ajili ya rasimu ya kwanza peke yake ni gharama isiyo na maana, maana Writer pia hutoa faili za DOCX.

Nafasi ya tatu: Google Docs

Kwa anayeandikia simu ya Android, nafasi hii ya tatu kwake ni ya kwanza. Google Docs hujihifadhi yenyewe, huweka historia ya matoleo yaliyotangulia, na hukuruhusu kuendelea kwenye kompyuta mahali ulipoishia kwenye simu. Tangu mwaka 2024 waraka mmoja waweza kugawanywa katika vichupo, na vichupo hivyo hupangika upya, jambo ambalo limepunguza udhaifu wake mkubwa wa zamani. Waraka mmoja hauruhusiwi kuzidi herufi milioni 1.02, kiasi kinachotosha riwaya ya maneno 100,000, ila mwenye kuandika riwaya ndefu sana ataona afadhali kuigawa katika nyaraka kadhaa.

Umiliki ndipo inapoteleza. Muswada unakaa katika akaunti, na akaunti isiyotumika kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Anayeichagua ajiwekee desturi ya kupakua nakala ya DOCX kila mwisho wa wiki na kuiweka mahali pengine. Kanuni ya chelezo, yaani nakala za akiba, ambayo wataalamu wa kompyuta huirudia ni ya nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja kati yake ikiwa nje ya nyumba, na inamhusu hata mtumiaji wa Scrivener.

Nyingine kwa ufupi

yWriter, iliyoandikwa na Simon Haynes, ambaye mwenyewe ni mwandishi wa riwaya, hugawa kazi kwa matukio kama Scrivener na haina malipo, ila mwonekano wake umezeeka. Manuskript na bibisco huwafaa wanaopenda kuwajenga wahusika na msuko kwa undani kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Ulysses ni nzuri kwa macho, lakini ipo kwa vifaa vya Apple tu, na tangu mwaka 2017 hulipiwa kwa usajili; kazi ya miaka miwili au mitatu isifungwe kwenye ada ya kila mwezi pasipo ulazima.

Kadi, na mashine zisizo na intaneti

Pakiti ya kadi za muhtasari zenye ukubwa wa milimita 76 kwa 127 ni ununuzi wenye faida kubwa kuliko bei yake. Vladimir Nabokov aliandika riwaya zake za baadaye kwenye kadi za namna hiyo, akizipanga na kuzipangua apendavyo. Kadi moja ibebe tukio moja: nani anataka nini, nani anamzuia, na nini kimebadilika tukio linapokwisha. Kadi isiyo na jibu la swali la tatu kwa kawaida inaonyesha tukio linaloweza kuondolewa.

Wale wanaoshindwa kuiacha intaneti wameuziwa mashine maalumu. Freewrite, iliyoanza kufika kwa wanunuzi mwaka 2016, ina kibodi nzuri na skrini ya wino wa kielektroniki, lakini ni ghali kwa kifaa cha kazi moja, tena kuhariri ndani yake ni taabu. AlphaSmart Neo iliacha kutengenezwa mwaka 2013, lakini zilizotumika bado zinapatikana. Hutumia betri tatu za kawaida za AA kwa mamia ya saa, na hupeleka maandishi kwenye kompyuta yoyote kwa waya wa USB. Kati ya hizo mbili ningechagua Neo. Kabla ya zote, jaribu kuzima Wi-Fi ya kompyuta uliyo nayo, kwa kuwa jambo hilo halina gharama. Mwandishi wa riwaya George R. R. Martin alieleza mwaka 2014 kwamba huandika kwa WordStar 4.0, programu ya miaka ya 1980, kwenye kompyuta ya mfumo wa zamani wa DOS isiyounganishwa na intaneti.

Pesa kubwa iwekwe kwa mhariri

Kama kuna fungu moja tu la pesa, lisubiri rasimu iishe. Kwanza tafuta wasomaji wa awali watatu hadi watano, wasiolipwa, na usiwaulize kama wameipenda kazi; waulize ni katika ukurasa gani waliiweka chini, na ni mhusika gani walimsahau. Baada ya kuandika upya, ndipo mhariri alipwe, na kwa mpangilio huu: uhariri wa muundo na maudhui, kisha uhariri wa lugha, na usomaji prufu mwishoni kabisa. Kumlipa msomaji prufu asahihishe koma katika sura ambayo mhariri wa muundo ataifuta ni kulipa bure. Mwombe mhariri yeyote ahariri kurasa chache za muswada wako kwanza, na umchague yule ambaye maswali yake yalikufanya urudi kwenye kazi kwa hamu.

Programu za kusahihisha sarufi kama ProWritingAid na Grammarly zimejengwa juu ya Kiingereza, na hazimsaidii anayeandika Kiswahili. Zana za akili mnemba zaweza kuuliza maswali kuhusu msuko, ila tangu Septemba 2023 KDP, jukwaa la Amazon la kujichapishia vitabu, humtaka mwandishi atangaze maandishi yaliyozalishwa nazo, kwa hiyo asiyetaka utata asiziachie kuandika sentensi zake. Programu za kupanga kurasa, kama Vellum ya Mac na Atticus inayofanya kazi katika mifumo yote mikuu, ni nzuri kweli, lakini humhusu mwandishi anayejichapishia, na zisinunuliwe kabla ya msomaji prufu kurudisha muswada. Kwa EPUB rahisi ya kuwapelekea wasomaji wa awali, programu ya Calibre isiyolipiwa inatosha.