Zotero kwa Mwanafunzi wa Sheria Mombasa: Yafaa, Ila Kesi Jaza kwa Mkono

Karibuni, watazamaji. Leo tunaipima Zotero, programu ya kuhifadhi marejeo na kupanga tanbihi. Tunaipima kwa macho ya mwanafunzi wa sheria hapa Mombasa, ambaye vitabu anavyo vichache na hukumu za mahakama anazo tele. Jibu langu natanguliza: kwa vitabu na makala, ichukue leo. Kwa hukumu za Kenya, ichukue pia, lakini uwe tayari kujaza kwa mkono wako.

Yaliyo mepesi kwanza. Programu ni ya bure, ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006, na inafanya kazi na Word, LibreOffice na Google Docs. Kwenye simu utasoma na kupigia mistari, lakini kuingiza tanbihi kwenye Word kunataka kompyuta. Hapo sina mengi.

Sasa tuje kwenye kesi, maana ndiko watu wanakoumia. Fungua tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu ni za bure, utafute kesi ya hapa hapa petu: Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha Nyali karibu na ufuo. Mahakama ya Juu iliamua tarehe 21 Aprili 2023 kwamba hati ya umiliki peke yake haimkingi mtu ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kila anayesoma sheria ya ardhi atainukuu.

Wengi hapa wanabonyeza kile kitufe cha Zotero kwenye kivinjari na kuondoka. Halafu wanakuta kesi imehifadhiwa kama ukurasa wa wavuti, na tanbihi inatoka na anwani ndefu isiyo na nambari ya kesi. Kuburuta PDF ndani ya Zotero nako hakusaidii, kwa sababu programu inatambua faili kwa kutafuta nambari za DOI (za makala) au ISBN (za vitabu), na hukumu hazina hizo.

Kwa hivyo fanya hivi. Unda kumbukumbu mpya, chagua aina ya "Case". Kwenye "Case Name" andika majina ya wahusika kama yalivyo Kenya Law. Kwenye "Court" andika KESC, hiyo ndiyo alama ya Mahakama ya Juu. Kwenye "Date Decided" andika 2023-04-21. Sasa tulia kidogo hapa: kwenye "Docket Number" andika 30 (KLR), na mabano yake; KLR ni kifupi cha Kenya Law Reports.

Jina la kisanduku hiki linapotosha. Mtu akiliona anaandika nambari ya ombi lililofunguliwa kortini, yaani 8 (E010) ya 2021, na tanbihi inaharibika yote. Anayesoma anataka [2023] KESC 30 (KLR), basi nambari inayoingia ni 30. Nambari ya ombi iweke kwenye dokezo la kumbukumbu hiyo, isije ikapotea. Na sababu ya kuitia KLR humo humo ni hii: ukiiongeza baadaye kama kiambishi cha mwisho kwenye kidirisha cha tanbihi, itatokea nyuma ya nambari ya aya, mpangilio utakuwa kinyume.

Ukimaliza kesi moja, usikimbilie ya pili. Fungua hati tupu, chagua mtindo wa OSCOLA, ule wa kunukuu sheria uliotoka Oxford, au ule chuo chako kinaoutaka, ingiza tanbihi moja, uitizame herufi kwa herufi. Mitindo inapanga visanduku kwa namna tofauti, na kosa la kesi moja ni rahisi kulirekebisha kuliko la kesi 40.

Na angalia alama za mahakama. KECA ni Rufaa, KEHC ni Mahakama Kuu, KEELC ni Mazingira na Ardhi, KEELRC ni Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hizo mbili za mwisho zinatofautiana kwa herufi R tu, na ukiikosea umeihamisha kesi ya shamba hadi mahakama ya wafanyakazi.

Kunukuu aya je? Kwenye kidirisha cha tanbihi, badilisha "Page" iwe "Paragraph". Kurasa hubadilika kati ya PDF na tovuti, nambari za aya hazibadiliki.

Kasoro ambayo mimi naiona kubwa zaidi ni nakala mbili za kesi moja. Chukua kesi ya Muruatetu, hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 14 Disemba 2017, iliyofuta ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji. Vitabu na makala za zamani zinainukuu [2017] eKLR, yaani kwa mfumo wa zamani wa mtandaoni wa Kenya Law. Kenya Law sasa inaionyesha kama [2017] KESC 2 (KLR), na jina lake limeandikwa kwa urefu mwingine. Zotero ina sehemu ya kutafuta nakala rudufu, lakini inalinganisha majina na nambari za vitabu. Majina yakitofautiana, haioni kitu. Utaishia na kesi moja inayohesabiwa mara mbili kwenye orodha ya marejeo. Dawa yake ni kuchagua mfumo mmoja siku ya kwanza, na kila kesi ya eKLR uitafute upya Kenya Law kabla ya kuihifadhi.

Tena kuna Muruatetu ya pili, ya tarehe 6 Julai 2021, [2021] KESC 31 (KLR), ambapo mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba uamuzi wa kwanza unahusu mauaji tu, si makosa mengine. Zotero haitakwambia hilo. Lakini ina sehemu iitwayo "Related": ziunganishe kesi hizi mbili, ili kila ukiifungua ya 2017 uione ya 2021 pembeni. Fanya hivyo kwa kila kesi iliyofafanuliwa au kutenguliwa. Nasisitiza, kwa sababu hoja nzima inaweza kuanguka hapo.

Vilevile, kesi uliyopewa na akili bandia itakaa maktabani vizuri kama kesi ya kweli. Mwaka 2023, katika Mata dhidi ya Avianca huko New York, mawakili walitozwa dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Kanuni ya kufuata: kumbukumbu isiyo na hukumu yenyewe imeambatishwa, isiingie kwenye tanbihi.

Hifadhi ya mtandaoni ya bure ni MB 300. Hukumu zilizopigwa skana zikiwa MB 5 kila moja, 60 tu zinaijaza. Zima usawazishaji wa faili, ule wa taarifa uache ukiendelea, maana hauna kikomo wala malipo, na utaokoa bando pia. PDF zenyewe ziweke nakala kwenye diski ya nje. Ila folda ya data ya Zotero usiiweke ndani ya Google Drive wala Dropbox, hifadhidata huharibika.

Kwa timu za mashindano ya mahakama ya kuigiza, undeni maktaba ya kikundi na wote mnukuu kutoka humo. Mmoja akinukuu kutoka maktaba yake binafsi, programu itaiona kesi ile ile kama mbili. Faili za kikundi zinakula nafasi ya mwenye kikundi. Na mkianza Google Docs kisha mkataka Word, msipakue tu: tumieni "Switch Word Processors" kwenye mipangilio ya hati, la sivyo tanbihi zitakatika na Zotero.

Siku ya kukabidhi, tengeneza nakala ya hati, na kwenye nakala hiyo peke yake bonyeza "Unlink Citations". Tanbihi zinakuwa maandishi ya kawaida, hazitabadilika kwenye kompyuta ya saiba wala ya mhadhiri. Ile ya asili baki nayo, maana msimamizi akirudisha kazi na masahihisho, hiyo ndiyo utakayoifungua.